Pale Mama Mbelu Alipovuta Pumzi

Mtaa wa Kanina, siku ya kilio, bafle, vile vipaza sauti vikubwa, hufika kabla ya sanduku la maiti. Kwanza huletwa turubai na viti vya plastiki, halafu anaingia mtu mwenye nyaya shingoni, anauliza umeme unavutwa kutoka nyumba gani. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Edouard Mbuyu, mrefu, mwenye maneno machache, mguu wa kushoto akiuburuta nyuma yake. Watoto wakimwona tu wanatawanyika. "Tata Edo anakuya! Nani amekufwa?" Naye anasimama, anawatazama mmoja mmoja, anasema, "Bado sijachagua." Basi ni kelele na vumbi.

Alizaliwa Mutshatsha, kwenye reli. Baba yake alikuwa mtu wa stesheni, na treni zilipoanza kuwa chache akageukia makala, mkaa wa kuuza, kama majirani zake wote. Edouard akaja Kolwezi angali kijana, akachimba madini. Siku moja udongo ukashuka shimoni. Wenzake walibaki humo, yeye akavutwa nje na goti lililosagika. Jémima, aliyekuwa akiuza mikate ya mafuta nje ya kituo cha afya, alimwona akija na kurudi kubadilishiwa bandeji mpaka wakazoeana, wakaoana. Ukimuuliza Jémima kwa nini alimkubali mtu asiye na kazi wala goti, atakuambia, "Bengine bote balikuwa na miguu ya kukimbilia."

Kushuka shimoni hakuweza tena. Akaanza kufungua redio za watu, kisha bafle, kisha parokia ikampa kompyuta iliyokuwa imechoka ofisini. Ndani yake mtu fulani, ambaye Edouard hakumjua, alikuwa ameacha programu ya kurekodia muziki inayoitwa Lirado. Hakufundishwa na mtu. Alibonyeza kila kitufe ili aone kinafanya nini, na pale alipoharibu alianza upya. Chumba cha mbele cha nyumba yake kikawa studio: magodoro ukutani, blanketi mlangoni, maikrofoni moja iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Vijana walienda studio nyingine kurekodi nyimbo za kuchezwa. Kwake walikuja wenye nyimbo za kilio.

Ndivyo alivyokutana na Mama Mbelu.

Mama Mbelu alitoka kaskazini ya Katanga akiwa ameolewa, akafiwa na mume hapa Kolwezi, akaosha mawe ya madini mtoni pamoja na wanawake wengine mpaka kifua kikamkatalia. Lakini katika Kanina na mitaa ya jirani, kilio kilichokosa Mama Mbelu hakikuhesabiwa kuwa kilio. Yeye ndiye aliyeimbisha. Alitupa mstari mmoja wa Kiluba, peke yake, halafu akanyamaza na kuvuta pumzi. Ile pumzi ndiyo ilikuwa mlango. Wanawake waliomzunguka waliisikia ikishuka kifuani, na ilipofika mwisho wakaingia wote kwa pamoja. Hakukuwa na ngoma ya kuwahesabia. Mara nyingine pumzi ilikuwa fupi, mara nyingine ilikaa mpaka mgeni akadhani mama amesahau wimbo. Wanawake hawakudhani hivyo. Walingoja. Humo ndani ya kungoja ndimo mtu aliangua kilio chake, na hakuna aliyemharakisha.

Siku moja alikuja kwa Edouard, akakaa kwenye kiti cha maikrofoni bila kukaribishwa, akakohoa mpaka akamaliza.

"Tata Edo, mi nimeimbisha bantu bote ba hapa. Ile siku yangu, nani ataniimbishia?"

"Shekina, mwenye kukuitikia, si yuko?"

"Shekina anajua kuitika. Kuimbisha hajui. Anaharakisha kama mutu mwenye kuacha nyungu ku moto." Akaigusa maikrofoni kwa kidole, kama mtu anayejaribu kama pasi imepata moto. "Unikamate mu ile machine yako. Siku yangu, mi mwenyewe nitajiimbishia. Bamama bataitika."

Edouard akasema sawa. Alitaka hata kucheka, lakini mama hakuwa anacheka.

"Kintu kimoya," mama akaongeza. "Usiitoshe inje mbele sijakufwa. Hata mu telefone yako, hata ya kusikiliza wewe peke yako. Ikae mulemule mwenye nitaiacha."

Hapa lazima mnielewe vizuri. Kwa kina Mama Mbelu, wimbo wa kilio ulioandaliwa kwa ajili ya mtu aliye hai hautolewi. Ukiutoa, umemwitia kifo. Kwa hiyo kazi yote ya Mama Mbelu, alipomaliza kuimba baada ya kuja na kurudi, asubuhi zenye umeme, ilibaki ndani ya Lirado haijatolewa. Na Lirado ilikuwa na tabia yake: sauti ilizifungia ndani ya mafaili yake yenyewe, na hakuna programu nyingine iliyoweza kuyafungua. Edouard alijua hivyo. Fundi mwingine, wa mji mwingine, angetoa nakala ya kuchezwa popote, kimya kimya, na kuificha. Yeye alikuwa ameahidi, na aliogopa pia. Aliweka mafaili kwenye kompyuta, akaweka nakala ya mafaili hayohayo kwenye diski ndogo, akafunga.

Sasa niwaambie Lirado ilikuwa inafanya nini, maana ugomvi wote unatokea hapo. Programu za namna hii zinachora mistari kwenye kioo, mstari baada ya mstari, kupimia mapigo ya wimbo. Lirado ya zamani ilikuwa na kitufe kimoja, *Suivre*, yaani fuata. Ukikibonyeza, mistari ilifuata sauti. Mwimbaji akichelewa, mistari inajivuta. Akinyamaza, mistari inamngoja. Kwa mtu anayerekodi mwimbishaji wa kilio, kitufe hicho ndicho kilikuwa Lirado yenyewe.

Waliotengeneza programu hiyo walikuwa watu wachache wa Ulaya. Wakaandika kwenye ukurasa ambapo watumiaji hujadiliana kwamba nguvu zao ni ndogo, hawawezi kuvuta njia mbili. Watatengeneza toleo jipya ambamo sauti ndiyo itafuata mistari: iwekwe sawa, isafishwe, ikatwe, ipandikizwe kipande kingine mahali palepale kwa kubonyeza mara moja. *Suivre* itaondoka. Watumiaji waseme wanaonaje.

Walisema. Ukurasa uliwaka moto. Mmoja alisema hatimaye, tumechoka na programu ya wazee. Mwingine akajibu kwamba asiyejua kuimba aache kuimba, asinyooshewe na mashine. Edouard naye aliandika, kwa Kifaransa chake cha kuokota, Jémima akiwa nyuma yake anamkosoa. Alieleza habari ya wanawake wanaongoja pumzi. Mtu wa Québec akamjibu kwa upole kwamba hayo ni matumizi ya pekee sana. Mtu wa Lyon akamwambia anunue kompyuta mpya. Mwalimu mmoja wa kwaya wa Antananarivo akamuunga mkono kwa maneno mengi, na wote wawili wakaitwa makaburi.

"Anakuita kaburi?" Jémima akauliza.

"Anasema mi niko wa zamani."

"Mais kaburi inalipa, hapa Kolwezi. Umuambie ile."

Lakini ugomvi wa Ulaya haukumtisha Edouard kama ule wa hapa hapa. Studio za Kolwezi zilikuwa na desturi yao. Mtandao ni ghali na mzito, basi mmoja alipakua programu kwa ajili ya wote, ikatembea kwenye diski kutoka studio hadi studio, mpaka Mutshatsha, mpaka Kisenge. Na kazi pia zilitembea. Sauti imerekodiwa Kanina, gita limepigwa Manika, mchanganyo umefanyika kwingine penye jenereta nzuri. Kwa hiyo walikuwa wamekubaliana: wote toleo moja. Asiye na toleo la wenzake hawezi kufungua kazi ya wenzake.

Aliyepakua kwa ajili ya wote alikuwa Josias Kalumba. Studio yake ilikuwa na kiyoyozi na kiti kinachozunguka. Josias hakuwa mtu mbaya. Wakati Jémima alipojifungua kwa shida ni gari lake lililompeleka hospitali. Lakini yeye aliishi kwa mabanga. Kama hamjui mabanga: ni majina ya watu wenye pesa yanayotupwa katikati ya wimbo. Mnunuzi wa madini analipa, jina lake linaitwa kabla ya kiitikio, na mji mzima unalisikia. Leo jina la huyu, kesho amefilisika, linatolewa, linawekwa la mwingine.

Walikutana kwa Josias mchana mmoja kuamua. Studio zote zilileta watu.

"Bakubwa," Josias akasema, "version ya zamani, mi nikitaka kubadilisha jina ya patron, nafanya kazi siku nzima. Ju mistari iko inatembea kama mulevi. Ile ya mupya, nakata, naweka, basi. Mulumba anatoka, mwengine anaingia, mwenyewe hata hasikie."

Watu wakacheka.

"Na mi?" Edouard akauliza.

"We tata, baclient yako bote balikufwa. Bale habatalalamika."

Wakacheka zaidi, na Edouard pia akacheka, maana ilichekesha. Halafu akasimama, akashika meza kwa ajili ya goti.

"Josias. Ukiweka pumzi ya mutu mu mistari, machine inaiona ni fasi ya bure. Inaikata. Bamama bataingilia wapi?"

"Bataingilia ku mustari, tata. Batazoea."

"Bantu benye kulia habahesabu."

"Sasa tufanye nini? Tubaki na version ya zamani, bantu ba Ulaya batuache, siku moya inakufwa yote?" Josias hakuwa anatania tena. "Kijana anatoka ku shimo, anakuya na wimbo yake mu telefone, anataka iwe muzuri kama ya Kinshasa. Nimuambie nini? Angoje pumzi?"

Hilo lilikuwa neno la kweli. Walipiga kura kwa kuinua mikono. Mikono iliyobaki chini ilikuwa ya Edouard na ya fundi mmoja wa kwaya ya Kiprotestanti, ambaye alipotazamwa aliinua wake nusu.

Diski ikazunguka. Toleo jipya likiingia kwenye mashine lilifuta la zamani, na wale wa Ulaya waliliondoa la zamani kwenye ukurasa wao. Edouard alikataa. "Mpaka nimalize ya Mama Mbelu," alisema, na kila mtu alijua maana ya kumaliza. Alibaki peke yake na kompyuta ya parokia, hafungui kazi ya mtu, na mtu hafungui yake. Waliomletea kazi wakapungua. Jémima akarudi kwenye mikate ya mafuta.

Mama Mbelu alipita wakati mwingine akielekea kanisani, anasimama mlangoni.

"Niko mulemule?"

"Uko mulemule, mama."

"Bien." Anakwenda.

Kisha umeme ukafanya kile unachofanya hapa. Ulikatika wakati wa mvua, ukarudi kwa hasira, ukakatika, ukarudi tena. Edouard alikuwa nje anafunga turubai kwenye kilio cha mtu mwingine. Alipofika nyumbani Jémima alikuwa amekaa kizingitini ameshika mdomo. Chumba kilinuka plastiki iliyoungua. Kompyuta ya parokia ilikuwa imekufa kabisa.

Diski ndogo ilikuwa salama. Sauti ya Mama Mbelu ilikuwamo, nzima, pumzi zote. Ila hapakuwa na mashine hata moja Kolwezi iliyoweza kuisoma kama ilivyokuwa.

Alikwenda Mutshatsha kuuliza. Wamebadilisha. Akapiga simu Kisenge. Wamebadilisha, na wakamshangaa. Akaandika kwenye ule ukurasa wa watumiaji, kwa unyenyekevu wote: nani bado ana programu ya toleo la zamani, anitumie, kuna mama mgonjwa. Majibu yakaja mengi. Wale waliokuwa wakilichukia toleo jipya wakaandika: mnaona? Mnaona mlichomfanyia mtu wa Congo? Wale waliolipenda wakajibu kwamba asiyetoa nakala ya kazi yake asilaumu programu. Wengine wakauliza kwa nini hakutoa nakala, na alipoeleza, mmoja akaweka picha ya kicheko. Wakarudi kwenye ugomvi wao wa mwanzo, wakitukanana kwa kutumia jina lake, siku baada ya siku. Mwalimu wa Antananarivo peke yake alisema atatafuta. Alitafuta. Na yeye alikuwa amebadilisha.

Mama Mbelu alifariki wakati Edouard bado anatafuta. Alikufa asubuhi, ameegemea ukuta uani, bakuli la uji mkononi halijamwagika.

Ngoyi, mpwa wake, ndiye aliyesimamia kilio. Alikuwa akifanya kazi kwenye dipo la patron Mulumba, mnunuzi wa madini, na patron akasema atatoa sanduku, turubai, chakula, gari, vyote. Ngoyi alikuja kwa Edouard amevaa koti.

"Tata, mama alisema iko wimbo."

"Iko. Lakini haifunguke."

"Kwa Josias inafunguka. Nimeshamuuliza."

"Itafunguka na itaharibika."

"Tata Edo." Ngoyi akaweka mkono begani kwake. Hakuwa na jeuri, alikuwa na usingizi na huzuni. "Mama alitaka sauti yake ikuwe ku kilio yake. We unataka tumuzike na bafle ya kimya?"

Basi wakaenda kwa Josias. Edouard alimpa nakala ya mafaili, ile diski akabaki nayo mfukoni. Josias alivuta kiti cha pili, akamkalisha mzee vizuri. Kompyuta iliuliza swali moja kwenye kioo: kazi hii ni ya toleo la zamani, iwekwe kwenye mistari? Chini yake kulikuwa na kitufe cha ndiyo na kitufe cha kufunga. Hakukuwa na kitufe kingine. Josias alimtazama Edouard.

"Mi sikutengeneza ile, tata."

"Najua."

Akabonyeza ndiyo.

Sauti ilitoka. Ilikuwa yake, hakuna anayeweza kusema haikuwa yake. Kikohozi kilikuwa kimeondolewa. Ukungu wa kifua ulikuwa umeondolewa, akasikika kama msichana. Mstari wa kwanza ukaisha, na kabla Edouard hajavuta hewa, wa pili ukaanza, sawasawa, kama askari anayenyanyua mguu. Mle mlimokuwa na pumzi palibaki ufa mdogo, ule ule kila mara.

Edouard alikuwa ameweka kichwa mikononi. Josias alisikiliza mpaka mwisho, akafuta macho.

"Tata, ni muzuri sana," alisema, na alimaanisha.

Ngoyi alikuwa amesimama mlangoni. "Josias, hapa katikati iko fasi. Patron ametoa kila kintu. Hatuwezi hata kumushukuru?"

"Ku kilio?" Edouard akauliza.

"Ku kilio mu muji muzima banafanya, tata. Siku hizi banafanya."

Na ni kweli, walikuwa wameanza. Edouard akamgeukia Josias, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, usifanye." Patron Mulumba alikuwa mteja mkubwa wa Josias. Akazungusha kiti, akavuta maikrofoni, akasema mara moja tu, kwa ile sauti yake nene ya mabanga: "Patron Mulumba, baba ya mayatima!" Halafu akaikata, akaipandikiza kwenye ufa wa kwanza, wa pili, na nyufa zote zilizofuata. Ilimchukua muda wa kunywa glasi ya maji.

Walimwomba Edouard aendeshe bafle, maana ni nani mwingine. Angeweza kukataa. Jémima alimwambia akatae. "Nikikataa batapandisha sauti mpaka ipasuke," akamjibu. "Angalau isipasuke." Akachukua nyaya zake.

Asubuhi ya mazishi uwanja ulijaa. Sanduku lilikuwa zuri, la mbao nyekundu, lenye vishikio vya kung'aa, na patron alikuwa amekaa mbele na miwani. Wanawake wa Mama Mbelu walisimama kuzunguka sanduku, vitenge vimefungwa kifuani, Shekina mbele yao. Walikuwa wameambiwa kwamba mama ataimbisha mwenyewe.

Edouard akapandisha sauti.

Mstari wa kwanza ulipotoka, uwanja wote ulipiga yowe. Mtu alianguka. Wanawake wakavuta vifua, wakainamisha shingo kusikiliza pumzi ishuke, kama walivyofanya maisha yao yote. "Patron Mulumba, baba ya mayatima!" ikapiga badala yake, na mstari wa pili ukawa umeshaanza. Midomo yao ilikuwa wazi. Hakuna aliyeingia. Shekina alijaribu peke yake, amechelewa, sauti yake ikagongana na ya Mama Mbelu, akanyamaza kwa aibu. Mstari wa pili ukaisha. Jina. Wa tatu. Wanawake walitazamana. Mmoja alikuwa akimtazama Edouard, akimwomba kwa macho.

Kidole cha Edouard kilikuwa kwenye kitufe cha kupunguza sauti. Angekishusha, ungebaki uwanja wa watu na sanduku na kimya, na wao wangelazimika kuimba bila mwimbishaji. Hakuna aliyejua kuimbisha. Mwenye kujua alikuwa sandukuni na kwenye bafle. Alingoja. Alifikiri labda wataacha kuitika, walie tu, na hiyo ingekuwa haki.

Hawakuacha. Shekina alianza kupiga chini kwa kandambili, polepole, akitafuta. Macho yamefumba. Mstari ukaisha, jina likaitwa, na mara jina lilipofika mwisho Shekina akanyanyua mkono. Wanawake wote wakaingia, kwa pamoja, kwa nguvu, vizuri kabisa. Uwanja ulitikisika. Mstari, jina, kiitikio. Mstari, jina, kiitikio. Patron Mulumba alivua miwani, akafuta uso.

Waliimba hivyo mpaka sanduku likaingia garini.

Baadaye, Edouard akiwa anakunja nyaya, Shekina alimjia na sahani ya wali.

"Kula, tata. Uko wa kukonda."

"Asante, mama."

"Pale mwanzo tulipotea sana. Mi nilisema leo ni haya." Akaketi kwenye bafle, amechoka. "Mais nimepata. Hapana kungoja pumzi tena. Unangoja jina. Jina ikiisha, unaingia. Ni nyepesi, hata batoto bataweza."

Edouard alishika sahani, hakula. "Shekina, ile pumzi unaikumbuka?"

"Ya mama?" Alifikiri kweli, akikunja uso. Akajaribu: akatoa mstari mmoja chini kwa chini, akanyamaza, akangoja. Kidole chake kilikuwa kinagonga gotini. Akatikisa kichwa. "Nilikuwa naijua ju yeye alikuwa anaivuta. Sasa nitaivuta namna gani?"

Akainuka kwenda kuosha sahani nyingine.

Kompyuta nyingine Edouard hakuipata. Sasa anafanya kazi kwa Josias, anaketi kwenye kile kiti cha pili, na Josias anamwita mzee na kumpa heshima zake. Wapigaji wa nyimbo wakija, yeye ndiye anayekata na kuweka majina, kwa sababu mkono wake ni mwepesi na hapasikiki alipokata. Na kwenye vilio vya Kanina, hata vile vya maskini ambavyo hapana bafle, Shekina anatupa mstari, ananyamaza, na wanawake wanabaki wamefumba midomo, wanangoja, mpaka mtu yeyote aliyesimama nyuma aite jina la tajiri yeyote.